Titanic tunaijua kwa majina, MV Bukoba kwa makadirio

Kata ya Kansay, wilayani Karatu, haina bahari. Maji makubwa ya karibu ni Ziwa Eyasi, ziwa la magadi kule chini bondeni, ambalo kiangazi kikiwa kikali hupungua mpaka likabaki tope na chumvi. Meli hakuna, bandari hakuna, na wazee wengi wamemaliza umri wao bila kupanda chombo chochote cha majini. Lakini mkamate kijana yeyote wa Kansay umuulize habari za Titanic. Atakueleza vizuri tu: meli kubwa, siwa la barafu, mashua za uokoaji zilizokuwa pungufu, Jack akafa majini na Rose akapona. Atakuimbia hata ule wimbo wa Celine Dion, nusu ya maneno akiyakisia.

Sasa muulize kuhusu MV Bukoba. Kama amezaliwa baada ya mwaka 2000, mara nyingi atakujibu kwamba ni meli fulani ilizama Mwanza kitambo. Walikufa wangapi? Hajui. Jina la abiria hata mmoja? Hajui.

Ni rahisi kumlaumu kijana huyu, kusema amemezwa na filamu za nje na kusahau vya kwao. Mimi naona lawama hiyo haimgusi. Hata mtu anayetaka kwa dhati kujua nani alikuwa ndani ya MV Bukoba hawezi kujua, kwa sababu jibu kamili halipo kwenye karatasi yoyote. Na nitakachojaribu kuonesha hapa ni kwamba jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Titanic haikubaki midomoni mwa watu kwa sababu ya ukubwa wa msiba peke yake. Ilibaki kwa sababu kulikuwa na orodha. Na orodha hiyohiyo inayowakumbuka marehemu ndiyo ambayo, ikitumika mapema, huwazuia watu wasiwe marehemu.

Saa mbili na dakika arobaini

Tuanze na ile inayojulikana. Titanic iligonga siwa la barafu usiku wa Aprili 14, 1912, saa 5:40 usiku kwa saa ya melini, na ikazama saa 8:20 usiku wa kuamkia Aprili 15. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 2,200. Zaidi ya 1,500 walikufa. Mashua za uokoaji zilikuwa 20, zenye nafasi ya watu 1,178, yaani hata kama zote zingejaa pomoni, takriban nusu ya waliokuwa melini wangebaki bila nafasi. Na kibaya zaidi, nyingi hazikujaa.

Angalia huo muda: saa mbili na dakika arobaini. Titanic haikupinduka. Maji yaliingia chumba baada ya chumba, pua ya meli ikashuka polepole, huku taa zikiendelea kuwaka karibu mpaka mwisho. Kwa hiyo watu walipata muda wa kuamua. Mume alipata muda wa kumpandisha mke kwenye mashua naye akabaki. Wanamuziki walipata muda wa kupiga. Nahodha, mhandisi, fundi wa redio, kila mmoja alipata muda wa kufanya jambo la kusimuliwa. Msiba wenye muda huzaa visa, na visa huzaa filamu. Ile ya James Cameron iliyotoka Desemba 1997 inachukua zaidi ya saa tatu, kumbe meli yenyewe ilizama kwa muda mfupi kuliko huo.

Filamu hiyo ilitukuta Tanzania tukiwa katika enzi za mabanda ya video, enzi za watafsiri kama Lufufu ambao walikuwa wakizungumza juu ya filamu ya kigeni mpaka ikawa ya Kiswahili. Kuanzia kwenye mikanda, ikahamia kwenye sidii, kisha kwenye simu. Hivyo ndivyo meli iliyotoka Southampton kuelekea New York ilivyofika mpaka Kansay, mahali ambapo hata mtumbwi ni kitu cha kwenye picha.

Ukihesabu kuanzia Mei 1996 hadi Desemba 1997 unapata miezi 19. Watanzania tuliletewa simulizi ya meli ya Waingereza iliyozama miaka 85 iliyopita wakati makaburi ya meli yetu wenyewe yalikuwa bado mabichi.

Asubuhi ya Mei 21, 1996

MV Bukoba ilikuwa meli ya Shirika la Reli Tanzania, ikifanya safari za Ziwa Victoria kati ya Bukoba na Mwanza, na ikipita bandari ya Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 na tani 850 za mizigo. Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, ikiwa inakaribia Mwanza, iliinama, ikalala, ikapinduka. Tofauti na Titanic, hapakuwa na saa mbili za kujadiliana. Aliyekuwa amelala kwenye chumba cha chini aliamka dari likiwa sakafu.

Meli haikwenda chini mara moja. Ilibaki ikielea ikiwa imepinduka, tumbo juu, na waliofika kwa boti walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Hapa ndipo pana sehemu ya msiba huu ambayo kila anayeisikia hunyamaza kidogo. Uamuzi ulifanyika wa kutoboa bati la meli ili waliokuwa ndani watolewe. Tundu lilipopatikana, hewa ikatoka, na meli ikazama.

Chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kikandamize ndani ya beseni la maji. Utaona maji hayajai ndani yake, kwa sababu hewa imekosa pa kutokea. Sasa fikiria kikombe hicho kina tundu kwenye kitako. Hewa inatoka juu, maji yanapanda kutoka chini, na kikombe kinakwenda. Ile hewa iliyokuwa ikiwapa watu pumzi ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji. Ukitoboa bila kwanza kuishikilia meli kwa kitu kingine, kama maboya makubwa au minyororo ya kreni, unawafungulia mlango na kuwazamisha kwa mkupuo mmoja. Waliotoboa walitaka kuokoa. Kilichokosekana ni vifaa, na utaalamu wa kazi ile mahali pale, asubuhi ile.

Kwamba hewa ya namna hiyo huweza kweli kumweka mtu hai, tulikuja kuthibitisha miaka 22 baadaye. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018 karibu kabisa na gati ya Kisiwa cha Ukara, watu 228 walikufa. Lakini Septemba 22, siku mbili baadaye, wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja wa kivuko hicho akiwa mzima. Alikuwa amejibanza mahali palipobaki na hewa.

Fuso la vitunguu

Kwa nini meli ipinduke wakati hakuna siwa la barafu, hakuna mwamba, hakuna tufani? Watu wa Karatu wana mfano mzuri wa jambo hili kuliko hata watu wa Mwanza. Ni Fuso la vitunguu linalopanda kutoka Mang'ola.

Kila aliyewahi kusimama kando ya barabara ile anajua. Fuso mbili zinaweza kubeba uzito uleule, lakini ile iliyopangwa magunia mpaka juu kabisa ya bomba, ikifika kwenye kona au kwenye shimo, inayumba mpaka unashika kichwa. Ile iliyopakiwa chini inapita bila wasiwasi. Uzito ni uleule. Tofauti ni mahali uzito ulipokaa.

Meli nayo ni hivyo, ila imeongezewa ugumu mmoja: haisimami juu ya ardhi, inasimama juu ya maji. Uzito wake unaivuta chini, kana kwamba wote umekusanyika kwenye nukta moja tunayoiita kitovu cha uzito. Maji nayo yanaisukuma juu, kana kwamba msukumo wote unatokea kwenye nukta nyingine, katikati ya ile sehemu ya meli iliyozama. Hii ni kanuni ya Archimedes tuliyoikariri sekondari.

Meli ikiinama kidogo, umbo la sehemu iliyozama linabadilika. Upande ulioinama unazama zaidi, kwa hiyo nukta ya msukumo inasogea kuelekea upande huo na kuanza kuuinua. Meli inarudi wima. Ndiyo maana meli nzuri huyumba na kurudi, huyumba na kurudi, na abiria hutapika lakini hufika. Sasa chora mstari ulio wima kutoka kwenye ile nukta ya msukumo iliyosogea, uupandishe mpaka ukutane na mstari wa katikati ya meli. Pale wanapokutana wataalamu wanapaita metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta, meli hujirudisha yenyewe. Kikipanda juu yake, kila meli inapoinama, uzito na msukumo vinasaidiana kuilaza zaidi. Hakuna nahodha wa kuizuia hapo.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua meli yenye uwezo wa abiria 430. Zidisha abiria 400 zaidi, kila mmoja kilo 70. Hizo ni kilo 28,000, yaani tani 28. Kwa chombo kinachoruhusiwa kubeba tani 850 za mizigo, tani 28 zinaonekana si kitu. Na hivi ndivyo tunavyojidanganya bandarini: "Ongeza tu, meli ni kubwa." Lakini mzigo wa kwenye ngama uko chini na umetulia. Watu wanasimama kwenye sitaha za juu, na wana miguu. Meli ikiinama kushoto, wanakimbilia kulia, kisha wanateleza wote kurudi kushoto. Ni tani 28 za juu, na zinazohama. Maji yaliyojaa nusu kwenye matangi hufanya vivyo hivyo. Jaribu kubeba beseni lililojaa nusu uone linavyokuvuta kila unapoyumba. Lililojaa kabisa ni zito zaidi lakini ni tulivu.

Shida ya MV Bukoba ya kutokuwa imara majini ilijulikana kabla ya siku ile. Chombo cha namna hiyo ndicho hasa kinachohitaji mtu wa kuhesabu kwa ukali nani anapanda na mzigo unakaa wapi. Sasa tuone nani alihesabu.

Daraja la tatu halikuandikwa

Taarifa zinazorejewa mara nyingi zinasema orodha ya MV Bukoba ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, lile la bei nafuu, halikuwa na orodha.

Soma tena hapo. Orodha ya madaraja mawili ya juu peke yake ilishapita uwezo wa meli nzima. Na chini yao kulikuwa na watu ambao hakuna aliyewaandika: wachuuzi, wanafunzi, mama na watoto, mtu aliyekuwa akienda msibani. Walionusurika walikuwa 114. Waliokufa? Hapo ndipo tunapoingia kwenye makadirio. Wengine wanataja 800, wengine 894, wengine wanakaribia 1,000. Pengo kati ya makadirio hayo ni watu 200. Watu 200 ni shule ya msingi nzima ya kijijini, kuanzia chekechea mpaka darasa la saba, ambao hatujui kama walikuwepo au hawakuwepo.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Makaburi yalichimbwa Igoma, nje kidogo ya Mwanza mjini, na wengi walizikwa humo kwa pamoja bila kutambuliwa. Hadi leo Mei 21 watu hukusanyika pale. Wengine wanajua ndugu yao yuko Igoma lakini hawajui ni kaburi lipi. Wengine hawajui hata kama yuko Igoma au bado yuko ziwani.

Kuna kisa kimoja kinachoonesha ukosefu wa orodha ulivyo na nguvu. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri aliyekuwa kiongozi wa juu wa kijeshi wa al-Qaeda, ambaye alikuwa akiishi Afrika Mashariki kwa jina la bandia. Habari zilipowafikia wenzake, ilibidi watume watu mpaka Ziwa Victoria kuhakikisha kama kweli amekufa. Wakauliza walionusurika, wakatafuta. Baada ya mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998, Wamarekani nao wakataka uhakika huohuo. Kama mtu anayetafutwa na dola kubwa kuliko zote duniani ilikuwa kazi kumthibitisha, je, mama muuza ndizi kutoka Muleba nani angemthibitisha?

Mtoto wa Halifax

Sasa rudi Titanic, uone karatasi inavyoweza kufanya kazi.

Baada ya meli kuzama, chombo kiitwacho Mackay-Bennett kilitumwa kutoka Halifax, Kanada, kuokota miili. Kila mwili ulipewa namba, ukaandikiwa nywele, nguo, vitu vya mfukoni. Mwili namba 4 ulikuwa wa mtoto mdogo wa kiume ambaye hakuna aliyemtambua. Mabaharia waliompata walimlipia kaburi na jiwe, na jiwe likaandikwa kwamba ni mtoto asiyejulikana. Akakaa hivyo kwa miaka tisini.

Mwaka 2002 wanasayansi walipima vinasaba vya mabaki yake machache na kutangaza kwamba ni mtoto wa Kifini, Eino Panula. Lakini viatu vidogo vilivyokuwa vimehifadhiwa vilionekana vikubwa mno kwa mtoto wa umri ule. Wakarudi maabara, wakapima tena kwa kina zaidi, na mwaka 2007 jibu likawa lingine: Sidney Goodwin, Mwingereza wa miezi 19, aliyesafiri daraja la tatu na wazazi wake na ndugu zake watano. Familia nzima ilikufa.

Watu husoma kisa hiki na kusifu vinasaba. Ni haki yao. Ila vinasaba peke yake havisemi jina. Vinasema tu kwamba sampuli hii inafanana na ile. Ili ufananishe, lazima ujue umtafute nani, uende ukoo gani ukaombe sampuli. Wale wanasayansi waliweza kwa sababu walikuwa na orodha ya abiria, na kutoka humo wakachomoa watoto wa kiume wachache wa umri ule ambao miili yao haikupatikana. Maabara ilimaliza kazi ambayo karani wa tiketi aliianza mwaka 1912. Igoma unaweza kupeleka maabara bora kuliko zote duniani na bado ukakwama kwenye swali la kwanza: tumlinganishe na nani?

Na orodha haikuishia kwenye maombolezo, ilitoa ushahidi pia. Baraza la Seneti la Marekani lilianza kuhoji watu Aprili 19, 1912, siku nne tu baada ya meli kuzama. Uchunguzi wa Uingereza uliuliza maswali zaidi ya 25,000. Kwa kuwa kila abiria alikuwa na jina, umri na daraja, watu waliweza kuonesha kwa namba kwamba daraja la kwanza walipona takriban asilimia 60, na daraja la tatu takriban robo tu. Bila orodha, dhuluma hiyo ingebaki kuwa manung'uniko ya maskini. Ikiwa na orodha, ikawa hoja. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa kifupi kama SOLAS, ulisainiwa Januari 1914, na mashua za uokoaji zikatakiwa kutosha kila aliyemo melini.

Mwanafunzi yeyote wa sayansi ya data anaijua orodha hiyo. Ukianza kujifunza kufundisha kompyuta kutabiri, zoezi la kwanza kwenye Kaggle ni Titanic: mistari 891, kila mstari abiria mmoja, umri, nauli, daraja, alipona au hakupona. Wanafunzi wa Tanzania leo wanajifunza takwimu kwa kutumia maskini wa Ulaya wa mwaka 1912. Maskini wa Kagera wa mwaka 1996 hawawezi kuwekwa kwenye jedwali lolote.

Karatu tunajua tofauti yake

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Wazungu na makaratasi yao. Siyo kweli. Karatu tunajua kabisa maana ya kufiwa kwa majina.

Mei 6, 2017, basi dogo la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia kwenye korongo eneo la Rhotia, hapahapa wilayani kwetu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Miili iliagwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, majeneza yakiwa yamepangwa mistari. Wanafunzi watatu waliopona walipelekwa Marekani kutibiwa, na nchi nzima ilifuatilia maendeleo yao kama ya watoto wake.

Ukimuuliza mtu wa Karatu idadi ya waliokufa Rhotia, hakuambii "kama thelathini hivi". Anakuambia 35. Msiba ulikuwa mdogo kwa hesabu kuliko wa Ziwa Victoria, lakini kila jeneza lilikuwa na mwenyewe. Namba kamili inakaa kichwani kwa sababu nyuma yake kuna majina kamili.

Orodha moja, kazi mbili

Hapa nirudi kwenye lile nililosema mwanzo. Orodha ya abiria inafanya kazi mbili, na tumezoea kuifikiria ile ya pili tu, ya kujua nani amekufa. Kazi yake ya kwanza ni ya fizikia. Huwezi kujua kitovu cha uzito kimepanda wapi kama hujui watu wangapi wako juu. Meli isiyo na orodha ni meli isiyojua uzito wake. Yaani uzembe uliotunyima majina ya marehemu ndio huohuo uliosaidia kuwafanya marehemu.

Na tumeurudia. Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa na zaidi ya watu 2,000 kwenye chombo cha takriban watu 600, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Mwaka 2018, MV Nyerere, kivuko cha watu 100, kilipinduka siku ya gulio kikiwa na watu karibu mara tatu ya uwezo wake. Safari hiyo mashine ya tiketi ilikuwepo. Ila ilikuwa ndani ya kivuko. Mkata tiketi alikufa, mashine ikazama, na hesabu ikaenda nayo. Yaani daftari la msiba lilizama na msiba.

Dawa yake haihitaji setilaiti. Abiria wote wahesabiwe na kuandikwa kabla kamba haijafunguliwa, na nakala ibaki nchi kavu. Kanuni za SOLAS zinataka abiria wahesabiwe kabla ya meli kuondoka, lakini hizo ni za safari za kimataifa. Kutoka Bukoba kwenda Mwanza, au Ukerewe kwenda Ukara, ni safari ya ndani, na anayebana ni sheria yetu na wasimamizi wetu. Meli kubwa mpya zinakuja: MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imeundwa kubeba abiria 1,200. Ni jambo la kujivunia. Lakini meli kubwa bila orodha ni namba kubwa zaidi ya kukadiria.

Na kwa waliokwisha kuondoka, bado kuna kazi inayowezekana. Mei 21, 2026 ni miaka 30 kamili. Wajane, watoto na majirani wa abiria wa daraja la tatu bado wako hai Kagera, Mwanza, Geita na kwingineko. Kila kata ina mtu anayejua nani aliondoka na hakurudi. Wanafunzi wa historia wakipita kijiji kwa kijiji na daftari, wakauliza jina, umri, alikuwa anakwenda wapi na kwa shughuli gani, orodha ya daraja la tatu inaweza kuandikwa kwa mara ya kwanza. Haitakuwa kamili. Ya Titanic nayo haikuwa kamili, ilikuwa na majina yaliyokosewa na watu waliosafiri kwa majina ya wengine, na ilichukua miongo kusafishwa. Lakini kila jina litakalopatikana linapunguza makadirio kwa mtu mmoja.

Ukipanda chombo Kilindoni, Bugolora au Malindi, usione aibu kumuuliza mkata tiketi: jina langu umeandika wapi, na hilo daftari linabaki na nani?